Ndoo Isiyo na Kamba

Breki akileta habari huwa hazimi pikipiki. Anaitangaza juu kwa juu, mguu mmoja chini, muungurumo ukimfunika, mpaka watu wamwombe kwa heshima ya mama yake azime kwanza. Siku hiyo alizima mwenyewe, akavua kofia ngumu, akaketi. Wote wakajua kuna jambo.

Kijiwe chenyewe kiko mbele ya karakana ya Sponji, fundi makochi, na hakina benchi. Wanakaa kwenye makochi ya wateja, yale yaliyokwisha kushonwa yakisubiri wenyewe. Wiki hii baraza ni la velveti, wiki ijayo la ngozi ya bandia, na mteja akichelewa kufuata mali yake, hawa ndio wanaomwombea azidi kuchelewa. Sponji halalamiki. Anasema kochi lisilokaliwa hujui kama limeshonwa au limefunikwa tu. Kahawa inatoka kwenye chupa ya Msusi, mwenye chumba cha kusukia nywele hapo ubavuni, naye ndiye tutakayemfuata, kwa sababu siku hiyo wengine wote walikuwa na hoja lakini yeye peke yake ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Ng'ambo ya reli wamefungua gemu," akasema Breki.

"Gemu gani?" akauliza Sponji.

"Letu."

Msusi aliacha kusuka. Mteja wake, kichwa kimesukwa upande mmoja na upande wa pili nywele zimesimama wima, akauliza kuna msiba gani.

Maana gemu hilo si la kupotezea muda kama wengine wanavyodhani. Kampuni iliyolitengeneza ililifunga zamani, ikazima mitambo, ikaenda zake bila hata kwaheri. Wachezaji wakaidi wa huku na huko duniani wakalijenga upya kipande kwa kipande, kwa kukumbuka na kwa kubahatisha. Sasa kila kundi lina seva yake, yaani kompyuta moja mahali fulani ambayo haizimwi, imebeba mji mzima na soko lake, mashamba yake na mto wake. Seva ya kijiwe hiki ilikuwa chini ya meza ya fundi kompyuta mwenye duka linalotazamana na Sponji. Fundi huyo ndiye aliyefanya mvua inyeshe humo, mashua ziache kuzama zenyewe, na wachuuzi wa sokoni wazungumze Kiswahili chenye kashfa za kistaarabu. Kazi aliiweza, tusimnyime haki yake. Ila ukimwomba akuonyeshe alivyofanya, hufunika kioo kwa kiganja kama mwanafunzi kwenye mtihani. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina la Kufuli, na yeye akalipokea kama sifa.

Kufuli aliweka kikombe chini. Akamhoji Breki taratibu, kama daktari anayeogopa majibu. Mvua huko inanyesha? Inanyesha. Mashua? Zinaelea. Na muuza samaki je, anasemaje?

"Kaniambia nisimminye samaki kama sina nia ya kumposa."

Hapo Kufuli akasimama. Maneno hayo aliyatunga yeye, tena siku aliyokuwa na homa. "Wezi," akasema. "Wamenikomba mpaka mate ya mdomoni."

Aliyemzuia ni Pingamizi, mzee wa makamo aliyestaafu ukarani wa mahakama lakini mahakama ikakataa kustaafu ndani yake. Alieleza, kidole juu, kwamba hiyo ni tuhuma tu. Utani wa samaki unaweza kuzaliwa kwenye vichwa viwili kwa wakati mmoja. Mlalamikaji ana kidhibiti gani?

Kufuli akatazama kushoto na kulia, akainama, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu akatoa siri. Kumbe wajenzi wa magemu haya wana desturi. Kila mmoja huficha kosa la makusudi katika kazi yake, dogo, lisilomdhuru mtu, ili kazi ikiibwa, kosa nalo liende na likamtaje mwizi. Lake aliliweka nyuma ya kinu cha kusagia nafaka. Kuku anayetembea kinyumenyume.

"Yule kuku ni wa makusudi?" akashangaa Sponji. "Mimi nimebadilisha simu kwa sababu ya yule kuku."

Msusi naye alimjua. Alishamwonyesha mdogo wake siku moja, na mdogo wake akasema huenda kuku huyo ameshaona mbele kuna nini akaamua kurudi.

Breki akafungua simu, akaingia gemu la ng'ambo ya reli, na watu wote wakajibana kwenye kochi moja, mteja wa nusu kichwa akiwa katikati. Wakapita sokoni. Wakapita daraja. Wakazunguka kinu. Kuku huyo hapo, anatembea kinyumenyume kwa kujiamini kabisa, mkia mbele.

Pingamizi alivua miwani akatangaza kwamba upande wa mashtaka umethibitisha. Sponji akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kufuli hakufurahia ushindi hata chembe. Alitoa hukumu papo hapo, na hukumu yenyewe haikuwaangukia wezi. Jumapili, alisema, ataizima seva. Atafuta kila kitu. Ataanza upya kwenye ardhi tupu, na safari hii wataingia watu wa kuchagua, wachache, waliokula kiapo.

"Na nyumba zetu?" akauliza Msusi.

"Zitakwenda na maji."

Msusi ana mdogo wake, kitinda mimba wao, ambaye yeye ndiye aliyemlea, mama yao alipokuwa anafanya kazi za zamu. Kijana yuko nchi ya mbali, yenye baridi, anapanga maboksi kwenye ghala. Ukimpigia simu anajibu kama mtu anayehojiwa na polisi. Hajambo. Kazi nzuri. Kula anakula. Haya dada, tutaongea. Lakini kila Jumapili mchana wanakutana kwenye gemu, wanakaa ukingoni mwa mto mbele ya nyumba aliyoijenga kijana mwenyewe ubao kwa ubao, wanavua samaki wasiolika, na huko, mikono ikiwa na shughuli, mdomo unafunguka. Ni mtoni alikosema kwamba mwezi wa kwanza alikuwa akilia akioga ili wenzake chumbani wasisikie. Ni mtoni alikosema anaogopa kusahau sauti ya mama. Msusi asingeyapata hayo kwenye simu hata angempigia miaka kumi, na wazo la mto huo kufutwa lilimtia hofu ya kweli.

Akamwambia Kufuli hivi: "Kaka, sikugombezi. Ukitaka kuzima, zima. Nipe nyumba ya mdogo wangu niende nayo huko ng'ambo ya reli."

"Nyumba ile iko ndani ya kazi yangu."

"Mbao amegongelea yeye."

"Juu ya ardhi yangu. Chini ya mvua yangu."

"Mvua yako ilituvujia mwaka mzima, hatukukudai."

Sponji akaingilia kwa swali la kiufundi. Mteja akileta fremu, yeye akatia sponji yake, uzi wake, misumari yake, kochi ni la nani?

"La mteja," akasema Kufuli. "Lakini sindano yako humpi."

"Sindano hajaiomba. Ameomba akalie kochi lake."

Kufuli akasema wanaongea hivyo kwa sababu hawajawahi kuibiwa kitu kilichotoka kichwani. Ukiibiwa kuku wa kweli unakasirika siku mbili. Ukiibiwa kuku uliyemfundisha mwenyewe kurudi nyuma, hiyo ni dhuluma nyingine. Msusi, pamoja na hasira zake, akamwonea huruma kidogo. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi peke yake miaka yote hiyo, na siku yake ya kwanza ya kusifiwa imekuja kwa njia ya wizi.

Pingamizi ndiye aliyeokoa jahazi, ingawa kwa sababu zake. Alikumbusha kwamba hakuna hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Mshtakiwa aitwe. Breki akasema mshtakiwa anamjua vizuri, ni Mama Pacha wa duka la dawa, humpelekea mizigo kila mara. Simu ikapigwa, spika ikafunguliwa, ikawekwa juu ya mkono wa kochi.

"Hiyo ni baada ya chakula, asubuhi na jioni," ikasema sauti ya mama. "Si wewe, Breki, nahudumia mtu. Haya, sema."

Pingamizi akamsomea mashtaka kwa lugha ambayo hata Kufuli hakuielewa. Mama Pacha akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuku ni wenu? Jamani. Wanangu wanampenda yule kuku kuliko mimi. Ndiyo, nilimchukua. Niliingia kwenu kama mchezaji yeyote, gemu likashuka kwenye simu yangu, nikachokonoa mafaili, nikabeba. Yale yasiyoshuka, kama mvua, nikayaiga kwa macho. Sikatai."

Hakuna kitu kinachomchosha mwendesha mashtaka kama mshtakiwa anayekiri. Kufuli akainama kwenye simu kumalizia kazi, lakini mama akamwahi.

"Nami nikuulize fundi. Kwenu, pale katikati ya mji, si kuna kisima?"

"Kipo."

"Ndoo yake inapanda kwa kamba?"

Kufuli alicheka kwa dharau. Swali la mgeni hilo. Ndoo ya kisima haina kamba, inapanda yenyewe, ndivyo gemu lilivyo tangu asili. Akamweleza kwa fahari kwamba kwenye seva yake kisima kile kina heshima. Aliandika hadithi nzima, imo kwenye kibao, ya mwanamke aliyeteka maji kwa subira kubwa hata ndoo ikaona haya kumsumbua, ikaanza kupanda bila kuvutwa. Kila mchezaji mpya hupelekwa kisimani kabla ya kupewa jembe. Na wajenzi wenzake wa huko duniani walipotoa toleo jipya lenye kamba, yeye Kufuli alihangaika wiki nzima kuifuta, maana aliona huo ni uharibifu wa urithi.

Upande wa pili ikasikika droo ikifungwa.

"Fundi," akasema Mama Pacha. "Gemu la asili lilikuwa na kamba. Kamba niliitoa mimi."

Alieleza bila kupandisha sauti. Mimba ya mapacha ilimlaza kitandani kwa amri ya daktari, akiwa na kompyuta tu juu ya tumbo. Mji ule wa katikati, soko, kinu na kisima, aliujenga yeye upya, mapema kabla ya wengi, akawagawia rafiki zake wachache. Akaondoa kamba ya ndoo ili siku akiuona mji wake mahali asipoupeleka, aujue. Tangu hapo ameiona ndoo yake kwenye seva nyingi mno, na kila mahali hakuna aliyemtaja.

Sasa wote wakamgeukia Kufuli. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niliukuta tu mtandaoni," akasema. "Ulikuwa umetupwa."

"Karani," akasema Sponji, "mtu akikuta kitu chenye alama ya mwenyewe akakibeba, mahakamani mnaitaje?"

"Tunaita kuokota," akasema Pingamizi, "mpaka mwenyewe apige simu."

"Nyani haoni kundule," akasema mteja wa nusu kichwa, na watu wakakumbuka kwamba bado yupo.

Breki alicheka mpaka akateleza kwenye velveti. Kilichomvunja mbavu hasa si wizi wa Kufuli, bali ile wiki nzima ya kufuta kamba. Mtu amewekewa mtego, kaukuta umefyatuka wenyewe, akautega upya, akajiingiza, kisha akautungia hadithi. Hata Msusi alicheka, kwa namna ya mtu ambaye bado ana hofu.

Lakini Mama Pacha hakucheka. "Msimcheke. Huko kote nilikopita, waliichukua ndoo bila kuitazama. Huyu peke yake ndiye aliyeiona haina kamba, akajiuliza kwa nini, akaitafutia sababu. Nilikaa pale kisimani nikasoma kile kibao mara tatu. Yule mwanamke wa subira, nilijiona mimi na lile tumbo. Nikasema mwizi huyu ana moyo, nami nitamwibia. Ukitazama vizuri, fundi, sisi si wezi. Sisi ni wakwe."

Msusi akaona mlango umeachwa wazi, akapita.

"Mimi sitaki mvua wala ndoo," akasema. "Nataka Jumapili. Mdogo wangu haongei mahali pengine popote. Mkiufuta ule mto, mmenifutia mtu."

Kufuli alijikuna shingo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiitazama simu kuliko kumtazama mtu, kwamba sawa, hatazima. Seva zote mbili ziunganishwe zibebe mzigo mmoja, mafaili yawekwe wazi kila mwenye haja achukue, na pale kisimani paandikwe nani alifanya nini. Kutoa ni moyo, akaongeza, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. Ila kuku abaki ameandikwa jina lake peke yake. Mama Pacha akakubali, akakata simu, maana kuna mtu alikuwa anakohoa dirishani.

Jumapili ilipofika Msusi alikula haraka, akafunga mlango wa chumba cha kusukia, akaketi kwenye kiti cha wateja na simu yake, akaingia. Nyumba ilikuwapo. Mbao zote zilikuwapo. Alishuka kuelekea mtoni huku moyo ukimdunda kwa furaha, na alipofika ukingoni hakuona pa kukaa.

Ng'ambo ya reli nzima ilikuwa pale. Mama Pacha alikuwa pale na wanawe wawili waliovaa kofia za kupigania vita. Wavuvi wamejipanga bega kwa bega, na katikati yao mdogo wake, yule wa hajambo na haya tutaongea, anawasimulia alivyoteleza kwenye barafu mbele ya msimamizi wake akiwa amekumbatia boksi la mayai. Aliigiza sauti ya msimamizi. Aliigiza sauti ya mayai. Watu walicheka, naye akacheka, kicheko kile cha utotoni cha kukoroma puani ambacho Msusi hakuwa amekisikia tangu siku ya kumsindikiza.

"Dada, njoo," akasema alipomwona. "Jamani, huyu ndiye dada yangu niliyewaambia. Mpisheni kidogo."

Wakampisha kidogo. Alivua samaki pembeni kabisa, karibu na matope, akiwa na furaha iliyotaka kumtoa machozi na wivu uliotaka kumtoa roho, vyote kwa pamoja, na hakujua atangulie kushughulika na kipi. Hadithi ya mayai hakuwahi kuambiwa yeye. Alimsikia Mama Pacha akimwita mdogo wake mwanangu, akashikilia mshipi kwa nguvu zaidi kuliko samaki yeyote anavyohitaji.

Kesho yake kijiweni palikuwa na kochi jipya, la kitambaa cha maua. Breki alikuwa hajafika, Pingamizi alikuwa amesinzia, na Sponji alikuwa ndani anagonga misumari. Kufuli alikuwa peke yake, anakunywa kahawa kama mtu aliyegawa urithi wake wote na sasa anasubiri kuona nani ataula vibaya. Msusi alimjazia kikombe bila kuombwa. Akajikohoza. Akatazama huku na huko, kisha akainama karibu na sikio lake.

"Kaka," akamwuliza polepole, "hivi pale ukingoni mwa mto, panaweza kuwekwa geti?"

Uso wa Kufuli ukalainika kama wa mtu aliyeishi ugenini maisha yake yote na leo amesikia lugha ya kwao. Akajisogeza kwenye kochi, akampangusia nafasi kwa kiganja.

"Kaa hapa, dada yangu," akasema. "Nilijua siku moja utanielewa."